Pazia la Lesi

Lesi haifikichwi. Hukandwa taratibu, kama mgongo wa mtoto mwenye homa, na Dobi aliikanda hivyo asubuhi ile huku moyoni akiomba ipasuke.

Lilikuwa pazia la wifi yake, vipande viwili vya lesi nyeupe nzito, vimeshonewa kitambaa kwa ndani, vina maua makubwa kama visahani vya chai. Milango mingine ya mtaa ule ilikuwa na magunia yaliyokatwa, au haikuwa na kitu. Mlango wenye lesi ulikuwa mmoja tu, na ndiyo maana mwenyewe akaitwa Bi Pazia hata jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika. Dobi naye jina lake lilisahaulika, ila kwa sababu nyingine: yeye ndiye aliyekuwa akifua.

"Wifi!" sauti ikaruka ukuta kutoka upande wa pili.

"Abee!"

"Hiyo bluu ya kung'arishia usiizidishe. Mara ya mwisho lilitoka kama mtu aliyelala nje kwenye baridi."

"Nimesikia, wifi."

"Na lianikwe mapema likauke. Nataka kabla ya alasiri liwe mlangoni. Nina wageni." Hilo neno wageni alilitamka polepole, kama anayelamba kijiko cha asali.

Dobi alilikamua pazia kwa mikono miwili kama shingo ya kuku.

Nyumba yao zamani ilikuwa moja. Baba mkwe aliijenga kwa mikono yake, na alipofariki watoto wake wawili, kaka na dada, wakagawana: chumba na sebule huku, chumba na sebule kule. Ukuta ukapita katikati, ukashuka uani, ukafika chooni, ukapanda juu ya choo chenyewe. Kaka mtu, aliyekuwa mume wa Dobi, naye alikuwa amekwenda kumfuata baba yake. Wakabaki mjane upande huu na wifi mtu upande ule, kila mmoja na mlango wake wa bati wa choo, kufuli lake, na harufu ya kumlaumu mwenzake.

"Hodi humu! Leo sikuuzii maji, nimekuletea habari."

Alikuwa Kibega, muuza maji, ameegesha mkokoteni wa madumu njiani na kuchungulia kwa shingo yake ndefu.

"Habari hailoweshi nguo, Kibega."

"Hii italowesha. Bwana Afya anapita leo leo, alasiri. Na ufunguo unatolewa leo."

Mikono ya Dobi ikasimama ndani ya povu.

Mtaa mzima ulikuwa ukiusubiri ufunguo huo. Halmashauri ilikuwa imeleta paipu ya maji, ikatangaza kwamba bomba la mtaa litawekwa mbele ya nyumba itakayokutwa safi kuliko zote, na mwenye nyumba hiyo ndiye atakayelifungua na kulifunga. Mwanzoni kila mtu alipaka chokaa. Kisha chokaa ikapanda bei, sabuni ikapanda, watu wakasema mtu hawezi kukosha kuta wakati hajakosha sufuria, wakaacha mmoja mmoja. Waliobaki kushindana, kila mtu akijua, walikuwa ni wale mawifi wawili wa ukuta mmoja.

Kwa wengine bomba lilikuwa heshima. Kwa Dobi lilikuwa nyonga. Kila siku alishuka bondeni kisimani na kupanda na ndoo kichwani, na sasa nyonga ya kulia ilikuwa ikilia kama bawaba. Pale zahanati walimwambia, "Mama, punguza kubeba maji." Akawauliza, "Nikipunguza, nifulie mate?" Wakacheka, wakampa vidonge. Vidonge vilikwisha, bonde likabaki palepale. Alikuwa ameshaanza kuwakatalia watu mashuka na mablanketi, nguo za kunywa maji mengi. Dobi anayekataa mashuka hana safari ndefu.

"Wanasema atapata nani?" aliuliza, akijifanya anasuuza.

Kibega akautupia jicho mlango wa jirani. "Mimi mtu wa mkokoteni tu, dada. Lakini watu wanasema, ukipita hapa na viatu vyako vya kung'aa, ukaona lesi ile imetundikwa, utapinda kona kwenda wapi tena?"

"Nyumba si mlango, Kibega."

"Kweli kabisa. Ila wakaguzi huanzia mlangoni."

"Na mtaro mbona umepitiliza?" Mtaro wa paipu ulipita mbele ya nyumba yao ukaendelea kupanda hadi karibu na geti la Mwenyekiti wa mtaa.

"Vibarua hao. Wanalipwa kwa hatua, wachimbe mpaka waingie chumbani kwa mtu." Akageuza mkokoteni. "Bi Pazia! Maji yako haya! Nikuingizie ndani au nikuletee kitandani?"

"Ingiza tu, mchokozi wewe!" Kicheko cha Bi Pazia kikaruka ukuta, chepesi, cha mtu asiyejua bonde lilipo.

Madumu matatu yaliingizwa ndani. Dobi aliyahesabu kwa masikio, kila moja likitua sakafuni kwa kishindo chake. Mtu hapiki kwa watu wala hafui, maji yote yale anayafanyia nini? Anaoga mara mbili. Anamwagilia maua kwenye kopo. Ana binti yake ng'ambo anayemtumia vitu. Na bomba nalo alitaka. Ufunguo angeuvaa shingoni kama kidani, na yeye Dobi asimame na ndoo yake, "Hodi wifi, naomba maji," mpaka siku atakapozikwa.

Pazia lilikauka kabla ya adhuhuri. Dobi alipuliza pasi ya mkaa, akaweka kitambaa kibichi juu ya lesi, akaanza. Kipande cha kwanza kilinyooka vizuri. Cha pili alikifikia huku mawazo yakiwa tayari mlangoni kwa Bi Pazia, akimwona Bwana Afya anasimama, anatikisa kichwa, anasema lo! Kitambaa kibichi kikateleza. Pasi ikatua juu ya ua la lesi, na mkono wa Dobi, mkono ambao kwa miaka yote haujawahi kuunguza hata kamba ya kiatu, ukachelewa kuinuka.

Harufu ndiyo iliyomzindua. Tundu lilikuwa dogo, ukubwa wa kucha ya dole gumba, limepenya lesi na kitambaa cha ndani, ukingo wake wa kahawia. Alilitazama. Alingoja aone haya, haya zikawa haziji. Akakunja kipande kile, tundu likakaa ndani, akakiweka chini ya kile kizima.

Bi Pazia alipokea mlangoni kwake, akanusa, akafumba macho. "Asante, wifi. Mikono yako dawa."

"Si kitu, wifi," akajibu Dobi, akaondoka haraka kuliko nyonga ilivyopenda.

Alikuwa na nguo moja zaidi ya kupeleka: koti jeupe la Bwana Afya mwenyewe. Alilifua kila wiki. Ofisi ya afya ilikuwa chumba kimoja chenye bango la kunawa mikono, na chini ya bango ndoo ya kunawia, imekauka mpaka buibui amejenga ndani. Bwana Afya, mtu mpole mwenye sauti ya usingizi, alilivaa koti palepale, akajitazama kwenye kioo cha dirisha.

"Limetakata, mama."

"Bwana Afya, leo unapita kwetu?"

"Napita kote."

"Ukipita, usiishie mlangoni."

Akaacha kufunga vifungo. "Una maana gani?"

"Mimi si mtu wa maneno. Ila kwa wifi yangu pale, Bi Pazia... mlango mzuri, lesi nzuri. Sasa nenda nyuma. Choo kimefura, bwana. Mvua ikinyesha kinapumua. Ukimulika na tochi utajionea mwenyewe."

"Kimejaa?"

"Mimi nasema umulike tu."

Bwana Afya akafungua droo, akatoa tochi, akaijaribu kwenye kiganja. "Kipindupindu huanzia hivyohivyo," akasema.

"Ndivyo ninavyosema mimi."

Njiani kurudi nyonga haikumuuma hata kidogo. Alimsalimia kila mtu.

Alasiri walikuja: Bwana Afya na koti lake jeupe, Mwenyekiti wa mtaa na fimbo yake ya kutembelea asiyoihitaji, na mgambo wawili. Watoto walifuata, na Kibega naye akaona mkokoteni wake unahitaji kupumzika mbele ya nyumba ileile.

Walianza kwa Dobi. Uani kulikuwa kumefagiwa mpaka ardhi inang'aa. Mtungi una mfuniko, mfuniko una kitambaa. Maji machafu ya kufulia yalipita kwenye mfereji aliouchimba kwa jembe hadi njiani, wala hayakusimama. Bwana Afya akapita kila mahali akiguna kwa kuridhika. Mlango wa choo ulikuwa umefungwa, mbele yake kopo la majivu na kata ya maji. Aliugusa tu kwa ncha ya kidole.

"Safi," akasema. "Mama, hapa pamenifurahisha."

Mwenyekiti akakohoa, akatazama saa.

Wakatoka kwenda upande wa pili. Dobi hakuweza kufuata, angeonekana mbeya, wala hakuweza kukaa. Akachukua ufagio, akaingia chooni kwake, akajifungia, akabandika sikio ukutani. Kule Bi Pazia alikuwa akiwakaribisha: karibuni, poleni na jua, angalieni hatua. Mwenyekiti alisifia pazia. Kisha bati la mlango wa choo likalia, na sauti ya usingizi ya Bwana Afya ikasema, karibu kabisa, "Nipisheni nimulike."

Dobi akasogeza sikio zaidi.

Giza la choo chake likapasuka. Mwanga ulitoka chini, miguuni pake, kwenye tundu lake mwenyewe. Mviringo mweupe ukapanda, ukacheza juu ya paa la bati, ukatua kwenye ukuta, ukarudi. Alisimama na ufagio mkononi, akiutazama mwanga wa tochi ya upande wa pili ukimtafuta kutokea ardhini.

Ndipo alipokumbuka alichokuwa akikijua siku zote. Baba mkwe alichimba shimo moja. Watoto walijenga ukuta juu yake, wakaweka milango miwili, makufuli mawili, wakasema choo changu, choo chako. Ukuta ukikaa sana mtu husahau kwamba ulijengwa, na husahau zaidi kwamba haukufika chini.

"Huko nyuma ya huu ukuta kuna nini?" Bwana Afya alikuwa akiuliza.

"Choo cha wifi yangu," akajibu Bi Pazia. "Kwa nini, bwana?"

"Kwa sababu naona ufagio wake."

Walirudi kwa Dobi wote, na safari hii hawakuguna. Shimo lilikuwa limejaa, limebakiza kama mkono mmoja. Bwana Afya alisema vyoo vyote viwili vimefungwa kuanzia dakika ile.

"Gari la kunyonya lije basi," akasema Bi Pazia. "Tutachanga."

"Gari haliingii kwenye kichochoro hiki."

"Tuchimbe kingine," akasema Dobi.

"Lazima kibali."

"Tuandikie kibali, bwana."

"Kibali ni kwa kiwanja chenye hati moja. Nyinyi mmejenga ukuta, mmekigawa, hamna hata moja." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayewasomea njia ya kwenda mahali ambako yeye hajafika. "Sheria inataka hivyo, mama zangu. Mimi sikuitunga."

"Sheria imetuambia tujisaidie wapi?" akauliza Bi Pazia.

Hapo Mwenyekiti akasogea, mkarimu. "Kwangu kuna choo cha kuvuta. Mtakuja. Mchana tu, usiku mbwa wanafunguliwa."

Watoto wakacheka. Mgambo wakaanza kung'oa milango ya bati kwenye bawaba zake. "Ikibaki mtafungua," mmoja akaeleza, akaibeba kichwani.

"Na bomba?" Dobi aliuliza. Sauti yake ilitoka ndogo. "Bwana Afya, ulisema hapa pamekufurahisha."

"Bomba haliwezi kuwekwa kwenye nyumba isiyo na choo. Litawekwa kwa Mwenyekiti."

"Mwenyekiti hakukaguliwa!" Kibega alipaza sauti kutoka njiani.

"Mwenyekiti ni kamati ya ukaguzi," akasema Bwana Afya. "Kamati haijikagui."

"Basi mtaro ule haukupitiliza," akasema Kibega, sasa polepole, akiutazama ukipanda hadi getini. "Ulikuwa unajua unakokwenda." Alishika mikono ya mkokoteni wake. Kwa bomba lile, maji yake nayo yalikuwa yamekwisha kazi, akaenda zake bila utani.

Wengine wote wakaondoka na milango ya bati. Milango miwili ya choo ilikuwa wazi kama vinywa vya watu walioshangaa. Dobi aliketi juu ya karai alilolifudikiza. Hakusikia wifi yake akiingia.

"Koti la Bwana Afya limetakata leo," akasema Bi Pazia.

Dobi hakuinua kichwa.

"Nimeliona. Nikasema moyoni, nyeupe ile ni ya mkono wa wifi yangu, amempelekea leo leo. Halafu nikamwona ana tochi. Miaka yote anakuja kukagua, lini umemwona na tochi?"

"Wifi..."

"Nyamaza. Ungeniambia mimi kwamba kimejaa. Mimi pia nilikuwa nanusa. Nikinusa nasema, ni cha yule dobi na maji yake. Nakaa kimya nikingoja wewe uaibike." Akacheka, si kile kicheko chepesi cha asubuhi. "Tumeaibika wote. Bora hata hivyo, tumefanana."

"Wewe ulilitaka bomba la nini?" Dobi alisema, na wivu ukapanda tena hata katika hali ile. "Madumu unaletewa ndani. Mimi nyonga yangu inakufa."

"Ulikuwa unataka bomba kwa maji?"

"Kwa nini tena?"

"Mimi nilitaka foleni." Bi Pazia akajifunga kanga upya ingawa haikuwa imelegea. "Kwako kutwa watu wanagonga. Huyu na shati, yule na shuka, mtu anapiga soga mpaka anasahau alichokuja kufuata. Mimi nawasikia kupitia ukuta. Kwangu anaingia Kibega peke yake, na huyo namlipa. Lile pazia unaloliona zuri, binti yangu alilituma badala ya kuja. Kila mwaka anatuma kitu badala ya kuja."

Dobi alitaka kumwonea huruma, na alipojaribu akaona bado anawaza yale madumu matatu.

"Nakojoa wapi mimi usiku?" Bi Pazia akauliza ghafla, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kwa mbwa wa Mwenyekiti?"

"Hata mimi siendi."

"Kopo la majivu unalo?"

"Ninalo."

"Shimo limebakiza mkono mmoja. Kwa watu wawili wenye adabu, mkono mmoja ni siku nyingi."

Alitoka. Dobi akasikia viti vikiburutwa upande wa pili, na pete za pazia zikilia kwenye fimbo. Bi Pazia alirudi na vipande viwili vya lesi begani, akachukua misumari kwenye kopo la vibanio vya Dobi, na jiwe. Kipande kimoja alikwenda kukipigilia kwenye choo chake mwenyewe. Kingine alikitupa mapajani mwa Dobi.

"Hicho chako."

Dobi akakikunjua. Ua la katikati lilikuwa na tundu, ukubwa wa kucha, ukingo wa kahawia. Alijua kwamba wifi yake alikuwa amelitundika pazia hilo mlangoni tangu adhuhuri, mbele ya wageni, na hakusema neno.

"Sikukusudia," akasema.

"Hilo unalijua wewe mwenyewe," akasema Bi Pazia, akaenda zake.

Jua lilikuwa linashuka. Dobi alipigilia lesi kwenye mlango wa choo, akanyoosha pindo, kwa mazoea. Lilipendeza. Hilo ndilo lililomchoma, kwamba lilipendeza hata pale. Akaingia, akachuchumaa, lesi ikaanguka nyuma yake na kumfunika. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa nyuma ya pazia lenye maua, na mwanga wa jioni uliochujwa na lesi ulimwangukia magotini kama vile alivyokuwa akiwazia kila alipolifua.

Kwa juu, getini kwa Mwenyekiti, watu walipiga makofi. Kitu kikakoroma, kikatema hewa, kikaanza kumwaga.

Akainuka, akageuka, akasogeza jicho kwenye tundu alilolichoma. Lilitosha jicho moja barabara. Kupitia hapo, juu ya ukuta mfupi wa uani, aliona geti la Mwenyekiti na bomba jipya linalong'aa, limeshafungwa jioni ileile, na foleni ya ndoo ilivyopanga mstari ikarudi hadi mbele ya mlango wa Bi Pazia, mlango ulio uchi. Hakuna ndoo iliyokuwa imejazwa. Mwenyekiti alikuwa amechomeka mpira bombani, anaosha gari lake kwanza, taratibu, ufunguo ukiwa shingoni, na maji yalishuka njiani, yakapita miguuni mwa watu, yakaingia kwenye ule mfereji ambao Dobi aliuchimba kwa jembe lake ili maji machafu yasisimame.

"Unaona nini?" Bi Pazia aliuliza kutoka upande wa pili wa ukuta. Sauti yake ilipitia chini.

"Sioni kitu," akasema Dobi, na hakuondoa jicho.